Nyumba inazunguka nikilala, na mtoto hageuki akiitwa

*Daktari, kila nikijigeuza kitandani upande wa kulia nyumba inazunguka, kisha inatulia yenyewe. Presha nimepimwa, iko sawa. Nina miaka 58.*

Pole sana mama. Hiyo dalili ya kugeukia upande mmoja inanielekeza kwenye sikio la ndani. Humo mna chembe ndogo za chokaa zinazotusaidia kujua tumesimama au tumeinama. Zikibanduka na kuingia kwenye mifereji ya mizani, yaani inayotusaidia tusiyumbe, ukijigeuza tu ubongo unapata taarifa kwamba unazunguka. Mwaka 1992, Mmarekani John Epley alichapisha njia ya kuzirudisha bila dawa: unalazwa chali, kichwa kimegeuzwa upande wenye tatizo na kuning'inia kidogo, kisha kichwa na mwili vinageuzwa polepole upande wa pili, ndipo unaketi. Wengi hupata nafuu kwa mara moja au mbili. Mtafute daktari wa masikio, pua na koo akufanyie. Ila kizunguzungu kikija na ulimi mzito au mkono kulegea, kimbia hospitali, huenda ni kiharusi.

*Shikamoo daktari. Mwanangu ana mwaka na miezi minane, hatembei wala hageuki nikimwita. Aliugua homa ya uti wa mgongo. Mama mkwe anasema tusubiri.*

Marahaba mwanangu. Msisubiri hata wiki. Homa hiyo huweza kuharibu usikivu na mizani kwa pamoja, kwa sababu viungo vyake vimekaa sehemu moja. Tafiti zinaonyesha watoto wengi wenye uziwi mkubwa wana udhaifu wa mizani pia: huchelewa kukaza shingo, kuketi na kutembea, ingawa miguu ni mizima. Inaniuma kuona mtoto anapelekwa mazoezi ya miguu miezi na miezi, masikio hayajapimwa. Tena baada ya uti wa mgongo koklea, sehemu ya sikio la ndani inayosikia, yaweza kujaa mfupa, na kipandikizi, kifaa cha kusaidia kusikia kinachowekwa humo kwa upasuaji, kikakosa pa kupita. Omba apimwe usikivu kwa mashine, kisha mizani.

*Ni kweli China viziwi wanachomwa sindano wanasikia?*

Kweli, kwa uziwi wa aina moja. Mwaka 2024 madaktari wa Shanghai walitangaza kuwa watoto 6 waliozaliwa na hitilafu ya jeni ya OTOF, inayosaidia sikio kupeleka sauti kwenye ubongo, walipewa jeni nzima ndani ya sikio, na 5 wakaanza kusikia. Aliyepoteza usikivu kwa uti wa mgongo, kelele au sindano za jentamaisini (dawa ya kuua bakteria), tiba hiyo haimhusu.