Baba anavuta sigara: je, vidonge vya beta-karotini vitamkinga?

SWALI: Shikamoo, Bibi wa Lishe. Baba yangu ana miaka 61 na amevuta sigara tangu ujana. Kuacha hataki hata kusikia. Nimemnunulia vidonge vya beta-karotini, kile kirutubisho cha kwenye karoti, miligramu 20 kila kimoja, maana nimesoma vinazuia saratani. Kimoja kwa siku kinatosha, au nimwongezee? – Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimwongezee. Hata hicho kimoja mwachishe leo hii.

Sikulaumu, chupa kama hiyo niliwahi kuinunua mimi. Marehemu mume wangu alikuwa mvutaji, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 sisi watu wa lishe tulikuwa na hoja tamu: watu wenye beta-karotini nyingi kwenye damu walionekana kuugua saratani ya mapafu kwa nadra. Basi tukaona, kirutubisho hicho kikitolewa kwenye mboga na kujazwa kwenye kidonge, kinga si itakuwa maradufu?

Jibu lilitoka Ufini mwaka 1994. Wanaume wavutaji 29,133, wa miaka 50 hadi 69, walifuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane. Baadhi walimeza miligramu 20 kwa siku, kipimo kilekile cha chupa yako. Hao ndio waliopata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Nilirudia kusoma mstari ule, nikidhani nimekosea. Mwaka 1996 utafiti mwingine, wa Marekani, ukasitishwa miezi 21 kabla ya wakati kwa sababu hiyohiyo.

Mume wangu alipoulizia chupa yake, nilimwambia imekwisha.

Tulichokosea ni kudhani karotini ile kwenye damu ndiyo kinga yenyewe, kumbe huenda ilikuwa alama tu ya mtu anayekula mboga kwa wingi, pamoja na mengine yote yaliyomo humo. Karoti zenyewe baba ale tu, hazina kesi.

Usinielewe kwamba vidonge vyote ni bure. Penye upungufu, kirutubisho kimoja hufanya maajabu: mwaka 1747 tabibu James Lind aliwapa machungwa na malimau mabaharia wawili wenye kiseyeye, na mmoja akarudi kazini baada ya siku sita. Lakini yule alipungukiwa na vitamini C. Baba yako hajapungukiwa na karotini. Amezidiwa na moshi.

Hiyo hela kaulizie viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi, au ubani wa kutafuna wa nikotini. Mtu aliyekataa kuacha kwa maneno matupu wakati mwingine hukubali akipewa cha kushikilia. Na kama anameza vitamini mchanganyiko, geuza kopo usome maandishi madogo ya nyuma, kwani beta-karotini hupenda kujificha humo.