Mleta uzi, fomu ya hospitali usiifanye klasi ya UML

Mkuu, simamisha hiyo kazi. Usizalishe hata mstari mmoja wa msimbo kabla hujamaliza kusoma hapa.

Umesema una fomu 23 za hospitali, kila fomu umeshaichorea klasi yake (kisanduku cha aina moja ya kitu na sifa zake) kwenye UML, lugha ya michoro ya kubuni programu, na unauliza mambo matatu: programu ipi itageuza mchoro kuwa majedwali ya kanzidata, mgonjwa na fomu uwaunganishe kwa almasi nyeusi au nyeupe (alama za UML za kitu kuwa sehemu ya kingine), na seva ikae hospitalini au ukodishe nje. Nimeikuza picha uliyoweka. Kona ya juu kulia kuna klasi ya HudhurioLaKliniki, na chini yake zimejipanga klasi 8 zinazoirithi, yaani zinazochukua sifa zake zote, HudhurioLaKwanza mpaka HudhurioLaNane. Hapo ndipo roho iliponiruka.

Wewe umeweka 8 kwa sababu ndiyo idadi ya leo ya mahudhurio ya mjamzito kliniki. Mimi niliweka 4 kwa sababu ndiyo ilikuwa idadi ya siku zile.

Mwaka 2015 nilikuwa kwenye timu ya watu watatu iliyotengeneza mfumo wa rekodi za wagonjwa kwa hospitali moja kubwa ya mkoa, sitaitaja. Tulikusanya fomu zote za karatasi, tukazitandaza mezani, tukachora. Fomu moja, klasi moja. Kisanduku kimoja kwenye karatasi, sifa moja kwenye klasi. Zilifika klasi 41. Mchoro ukachapishwa kwenye karatasi kubwa ukabandikwa ukutani, na kila mgeni aliyepita alisifia. Programu ikazalisha majedwali 41 kwa mbofyo mmoja. Kliniki ya wajawazito ikapata majedwali manne, moja kwa kila hudhurio, maana utaratibu wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa mahudhurio 4.

Kosa lilianza kujionyesha hata kabla utaratibu haujabadilika. Mjamzito mwenye shida haji mara 4, anakuja kila anapoitwa. Akija mara ya tano sista anafungua skrini, hakuna pa kuandika. Sasa afanye nini, amrudishe mama wa watu nyumbani? Alirudi kwenye hudhurio la nne, akashuka chini kabisa kwenye kisanduku cha Maoni, akaandika yote humo: tarehe, presha, mkojo, kimo cha mfuko wa uzazi, mapigo ya moyo wa mtoto. Sista alifanya kazi yake sawasawa. Sisi ndio hatukumpa mahali.

Siku moja akaja binti wa miaka 19, mimba ya wiki 34, hudhurio la sita. Presha 150 kwa 100, protini kwenye mkojo, kichwa kinamuuma. Yote hayo yako ndani ya Maoni, kwenye aya moja ndefu iliyochanganyika na ya wiki mbili nyuma. Anapelekwa kwa daktari, daktari anafungua ukurasa wa muhtasari, na muhtasari ule nilioutengeneza mimi ulikuwa unasoma presha kutoka majedwali manne tu. Skrini ikamwonyesha 118 kwa 76, ya hudhurio la nne, kwa rangi ya kijani. Kijani niliichagua mimi pia.

Yule binti aliponea kwenye kadi ya karatasi. Sista alikuwa ameizungushia presha kwa kalamu nyekundu, akamsindikiza mwenyewe hadi mlangoni, akamwekea daktari kadi mkononi. Akalazwa, akaanzishiwa dawa, akajifungua salama. Kwa wasiojua: presha ya 140 kwa 90 na kuendelea baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo, ndiyo njia ya kuelekea kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba kinaua mama na mtoto. Mimi niliitwa kesho yake ofisini, nikaonyeshwa skrini na kadi, pembeni kwa pembeni. Mpaka leo nikikutana na neno kijani kwenye mfumo wa hospitali naangalia mara ya pili.

Ndipo ukaja mwongozo mpya. WHO walitoa Novemba 2016 mapendekezo ya kutoka mahudhurio 4 hadi 8, na baadaye hospitali ikataka mfumo ufuate. Tukaanza kuongeza klasi. Klasi nne mpya, majedwali manne mapya, skrini nne mpya, kila ripoti kuandikwa upya. Tulipofika kwenye ripoti moja tu, ya wajawazito waliowahi kuvuka 140 kwa 90 popote hospitalini, tukatafuta neno presha kwenye kanzidata nzima. Lilikuwa kwenye safu 14 tofauti. Kwenye kliniki ilikuwa namba mbili, ya juu na ya chini. Wodini ilikuwa maandishi. Kwenye fomu ya dawa ya usingizi ilikuwa na kipimo cha kabla na cha baada. Na kwenye zile za maandishi tukakuta 120/80, 120-80, 12/8, "haijapimwa", "mashine mbovu", na moja imeandikwa "nzuri". Kazi ya kuyaunganisha hayo ilichukua miezi 7, na kuna rekodi ambazo hazikuunganishika kabisa, zimebaki kama picha za ukutani.

Sasa nimtaje aliyetuingiza humo, bila jina. Aliletwa mshauri mwelekezi, siku tatu hotelini, kompyuta nzuri, maneno mazito. Akatuambia: "Modeli kwanza, msimbo utajizalisha wenyewe." Akatuambia fomu ya hospitali ni klasi iliyojificha kwenye karatasi, kazi yetu ni kuifichua. Nilinyoosha mkono nikauliza, fomu ikibadilika je? Akajibu mabadiliko ni suala la menejimenti. Menejimenti! Kliniki ilikuwa mita mia mbili kutoka pale tulipokaa na hakuingia hata mara moja kumwangalia sista akijaza kadi. Alilipwa, akaondoka, nasi tukabaki na majedwali. Namkasirikia bado, na sioni sababu ya kuacha, kwa sababu nasikia somo lile lile linaendelea kufundishwa, na mchoro wako mkuu una harufu yake.

Sheria niliyoipata kwa gharama hiyo ni moja: fomu ni data, fomu si klasi. Klasi wekea vitu ambavyo muuguzi wa 1995 na wa 2045 watakubaliana navyo. Mtu. Tukio la mgonjwa kuonana na mhudumu. Kipimo kilichochukuliwa na mtu fulani, saa fulani. Kiasi chenye kizio. Hivyo ni vichache na havibadiliki kirahisi, na UML inavichora vizuri sana. Sina ugomvi na UML. Ilipitishwa na OMG, shirika la viwango vya programu, mwaka 1997 kwa ajili ya kuchora mifumo ya programu, na kwa hiyo kazi inafaa. Ugomvi wangu ni kuipa kazi ya kiolezo, yaani maelezo ya fomu moja inataka kujazwa nini.

Angalia kinachotokea. Kiolezo cha hospitali kinafanya kazi ya kupunguza na kubana. Unachukua presha kamili, yenye ya juu, ya chini, mkao wa mgonjwa, ukubwa wa mkanda wa kupimia, mkono uliopimwa. Halafu kliniki inasema: sisi tunataka ya juu na ya chini, ni lazima, vingine toa. Chumba cha upasuaji kinasema: sisi tunataka na mkao. Kubana ndiko huko. Urithi wa klasi unakwenda kinyume chake: mtoto huongeza, hawezi kukataa alichoachiwa na mzazi. Ukishaandika klasi ya Presha yenye sifa tano, huwezi kuirithi ukabaki na mbili. Kwa hiyo utafanya nilichofanya mimi: utaacha kurithi, utaiandika presha upya ndani ya kila fomu. Utapata safu zako 14.

Wapo watakaokuja hapa chini kuniambia UML 2 inaruhusu kufafanua upya sifa iliyorithiwa, na kwamba OCL, lugha ya kuandika masharti juu ya mchoro, inaandika sharti lolote. Karibuni sana, chai ipo na vitumbua vipo. Ila mje na kanzidata iliyozalishwa kutoka kwenye mchoro huo, ile masharti yake yakiwa bado hai ndani. Mimi zangu zilibaki kwenye karatasi ya ukutani.

Watu wa openEHR, viwango huria vya rekodi za afya, akina Thomas Beale, walishalitatua hili zamani kwa kugawa kazi ngazi mbili. Ngazi ya chini ni modeli rejea, klasi chache, na ukifungua nyaraka zao utakuta zimechorwa kwa UML hiyo hiyo. Ngazi ya juu ni akitaipu, maelezo kamili ya dhana moja ya kitabibu, mfano presha, yaliyoandikwa na matabibu wenyewe. Juu ya hapo ndipo kinakaa kiolezo, kinachokusanya akitaipu kadhaa na kuzibana kwa ajili ya fomu moja. Kiolezo kinaweza kufanya cha hiari kiwe cha lazima, kinaweza kukiondoa kabisa, lakini hakiwezi kulegeza kilichobanwa na akitaipu. Na kiolezo ni faili. Fomu ikibadilika unapakia faili jipya, rekodi za zamani zinabaki na toleo lake, na hakuna jedwali linaloguswa.

Kama hilo ni zito kwa timu yako, tazama jirani. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ilitokana na kazi ya Eldoret, Kenya, watu wa mpango wa afya wa AMPATH wakishirikiana na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, na ilianza kutumika pale Eldoret mwaka 2006. Fungua kanzidata yake uone. Jedwali moja linaloitwa obs: mtu gani, dhana gani, lini, thamani gani. Presha ya hudhurio la kwanza na ya hudhurio la kumi na tano ni mistari tu ndani ya jedwali hilo hilo, na dhana ya presha ya juu iko mara moja kwenye kamusi ya dhana. Mama akija mara ishirini, ni mistari zaidi. Ripoti zinakuwa ngumu kidogo kuandika, ni kweli, kwa hiyo kila usiku unazalisha majedwali bapa ya ripoti za MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya), ambayo unaweza kuyafuta asubuhi na kuyajenga tena bila kupoteza chochote.

Na jambo la pili kwenye mchoro wako, maana limenikaba: kila sifa umeiwekea idadi ya 1, yaani ni lazima ijazwe. Mkuu, nilifanya hivyo nikidhani nalinda ubora wa data. Betri ya mashine ya presha ikaisha wiki nzima. Mfumo ukagoma kuhifadhi bila presha, foleni iko nje hadi chini ya mwembe. Nilipokuja kuangalia, ukurasa mzima wa mama 11, wote 120 kwa 80. Wote. Sista hakudanganya kwa kupenda, mfumo wangu ulimlazimisha aseme kitu ambacho hakuna aliyekipima. Kwenye openEHR kila kipengele kinaweza kubaki bila thamani kikataja sababu: haijulikani, haihusiki, imefichwa, hakuna taarifa. Weka nafasi hiyo hata kama hutatumia openEHR. "Haijapimwa, mashine mbovu" ni taarifa ya kweli, na mkuu wa kituo akiiona mara 11 ananunua betri.

Tena acha kuwaonyesha madaktari mchoro wa klasi ili waupitishe. Mmoja aliniuliza kama almasi nyeusi ina maana ya dharura. Wachoree mti wa kawaida, dhana katikati na matawi pembeni, au wape skrini yenyewe wajaze kwa mgonjwa wa jana. Watakuambia kilichokosekana ndani ya dakika tano.

Kwa hiyo kesho asubuhi fanya hivi. Futa klasi zote 8 za mahudhurio pamoja na mama yao. Bakiza Mtu, Tukio, Kipimo, Dhana, na Kiolezo kama kitu kinachohifadhiwa kwenye jedwali chenye namba ya toleo. Chukua fomu moja tu, ya kliniki, uiandike kama kiolezo, ukae na sista siku nzima akiijaza. Zile 22 nyingine zisubiri.

Lakini kabla ya yote, leo usiku, tafuta neno presha kwenye mchoro wako wote. Hesabu limejitokeza mara ngapi, kwa namba au kwa maandishi, kisha iandike idadi hiyo hapa. Niko macho.