Kabla ya kuota steji ya Uwanja wa Sokoine, Mbeya, kapige picha kwaya

Vijana huniuliza wanunue kamera gani ili waanze kupiga picha za matamasha. Swali hilo huwa naliruka. Nawauliza mimi kwanza: kanisani kwenu kuna kwaya? Basi chuo mnacho.

Nilianza hivyo hivyo, Uyole, hapa Mbeya, kwenye tamasha la kwaya, na kamera ya kuazima yenye lenzi yake ya kawaida, ya milimita 18-55. Ukumbi ulikuwa na giza, nikawasha flashi. Sijafika hata picha ya tano, mzee mmoja wa kanisa akaniinamia sikioni, kwa upole kabisa: "Mwanangu, tumekuja kusifu, hatujaja kumulikwa." Nikaizima. Picha zote zilizofuata zilitoka ukungu mtupu, maana zaidi ya flashi sikuwa najua kitu.

Lenzi ile ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). Lenzi ya 50mm yenye f/1.8, ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko nyingi, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwa hiyo kama una hela ya kitu kimoja, mwili wa kamera uwe wowote uliotumika, hela iende kwenye lenzi. Anza na ISO 3200, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde. Wakianza kuruka, panda hadi 1/400. Chenga, vile vidoti vya picha za gizani, zitakuwepo, usizihofie; ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, utazipunguza nyumbani kwenye kompyuta, na rangi za taa utazirekebisha pia. Picha iliyotikisika ndiyo haina dawa.

Halafu kuna hizi taa za LED za bei poa ambazo siku hizi ziko kila ukumbi. Nilipoteza usiku mzima kwa sababu yake. Kwa macho jukwaa lilikuwa zuri tu, lakini kwenye kamera kila picha ilikuja na mistari: paji la uso la mwimbaji zambarau, kidevu cheusi kama mkaa. Nikadhani kamera imekufa. Kumbe umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa za aina hiyo hupepesa mara mbili kwa kila wimbi, mara 100 kwa sekunde. Mimi nilikuwa nakimbia na 1/500, nanasa mpepeso ukiwa katikati. Shusha hadi 1/100, mistari mingi itaondoka. Ila sasa itabidi umvizie mwimbaji pale anapotulia.

Na kwaya ndiyo inayokufundisha kuvizia. Kiitikio kinarudi mara nne, mara tano. Mara ya kwanza tazama tu: mwimbishaji anafumba macho wapi, mkono unapanda kwenye neno gani, maiki inashuka lini kutoka mdomoni. Mara ya tatu unakuwa umeshalenga. Usisimame mbele yake moja kwa moja, maiki itameza nusu ya uso. Kaa ubavuni, upande ambao hajashikia maiki. Kwenye Bongo Fleva msanii anakatiza jukwaa kama amemwagiwa upupu. Hapo hujifunzi, unahangaika.

Baridi ya kwetu nayo ina lake. Mwezi wa saba Mbeya, ukitoka nje usiku na kuingia ukumbi uliojaa watu, kioo cha lenzi kinafunga ukungu papo hapo. Usikifute kwa shati. Funga kamera kwenye mfuko wa nailoni ungali nje, iache ndani ya mfuko mpaka ipate joto la ukumbi. Betri ya akiba weka mfuko wa ndani wa jaketi; ikipoa inaisha haraka.

Matamasha makubwa yatakuja. Huko huendi tu na kamera shingoni ukategemea baunsa atakuonea huruma. Unamtafuta mwandaaji siku kadhaa kabla, unamwonyesha picha kumi, siyo mia. Sehemu nyingi duniani mpiga picha anapewa nyimbo tatu za mwanzo bila flashi, kisha anatolewa mbele. Jizoeshe hivyo hata pale ambapo hakuna anayekuzuia. Na ziba masikio ukiwa karibu na spika. Pamba haisaidii, tafuta viziba masikio vya mafundi wa mashine.

Kuhusu hela, mwaka wa kwanza nililipwa soda na pilau, sikulalamika. Kilichoniuma ni mwandaaji mmoja aliyechukua picha yangu, akakata kona yenye jina langu, akaipachika kwenye tangazo la shoo iliyofuata. Sikugombana naye. Aliponipigia tena nilifanya kazi yake vizuri, usiku ule ule nikamtumia picha ndogo ndogo kwenye WhatsApp achague. Zile kubwa zilikwenda kesho yake mchana, baada ya meseji ya muamala kuingia kwenye simu yangu.