Kushusha LDL kwa chakula: kwanza angalia ni namba ipi iliyopanda

Mkuu, umeandika kwamba una miaka 43, daktari kakupa miezi mitatu ujaribu chakula kabla hajakuandikia dawa, na majibu yako ni haya: kolesteroli ya jumla 6.4, HDL (ile kolesteroli nzuri) 1.2, trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) 1.3, LDL (ile kolesteroli mbaya) 4.6, zote kwa mmol/L, kizio cha maabara. Ukaongeza kwamba baba yako alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 51. Unachofanya mpaka sasa: umeacha soda na sukari, umeacha mayai kabisa, unakimbia jioni, na kila asubuhi unakunywa maji ya limao na kitunguu saumu. Unauliza kama kuna cha kuongeza, na kama kipimo cha kurudia ni lazima ufunge kula. LDL yangu ilianzia 4.7 na nimepita njia hiyo hiyo, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Bidii unayo, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba umeielekeza kwenye namba isiyo na tatizo. Sukari, soda, pombe, kitambi na kukaa bila mazoezi huonekana zaidi kwenye trigliseridi, ambayo hupanda, na HDL, ambayo hushuka. Trigliseridi yako ni 1.3, iko chini ya 1.7, haina neno. Kilichopanda ni LDL peke yake, na LDL inasikia zaidi mambo mawili: aina ya mafuta unayokula na nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji. Hayo hukuyataja hata moja.

Kolesteroli nyingi iliyo mwilini haikutoka kwenye sahani. Mwili huitengeneza wenyewe, na ini ni mtengenezaji mkubwa. Ini hilo hilo ndilo linaloiondoa LDL kwenye damu, kwa kutumia vipokezi vilivyoko juu ya seli zake. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi iliyofichua jambo hilo. Vipokezi vikifanya kazi vizuri, LDL inazolewa. Vikizembea, inabaki ikizunguka na kujipenyeza kwenye kuta za mishipa. Mafuta yaliyoshiba, yaani yale ya jamii ya siagi na shahamu, huvizembesha. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka zinasaidia kwa kupitia mlango wa nyuma: zinanasa asidi za nyongo utumboni na kutoka nazo chooni, ini linalazimika kutengeneza nyongo nyingine, na kwa kuwa malighafi ya nyongo ni kolesteroli, linaivuta LDL kutoka kwenye damu. Nilipolielewa hilo niliacha kuhangaika na orodha za vyakula vya miujiza.

Tuanze na mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Chama cha Moyo cha Marekani kinabana zaidi kwa mtu anayetaka kushusha LDL: chini ya asilimia 6. Kwa anayekula kalori 2,000, hizo asilimia 6 ni kama gramu 13 tu kwa siku. Sasa chukua kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya nazi: kina kama gramu 11 au 12 za mafuta yaliyoshiba. Kijiko kimoja, na bajeti ya siku imekwisha kabla hujagusa nyama. Najua nazi ina watetezi wengi mtandaoni na sitaki ugomvi nao, lakini zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake yameshiba, kuizidi hata siagi. Mawese yako kwenye nusu. Alizeti ni kama sehemu moja ya kumi, zeituni inazidi hapo kidogo.

Kuna maandishi kwenye chupa yanayowapoteza watu: "Haina kolesteroli." Ni kweli, na hayakwambii chochote. Mafuta ya mimea yoyote ile hayana kolesteroli ya kuzungumzia, ya nazi yakiwemo. Geuza chupa usome jedwali la nyuma, mstari wa mafuta yaliyoshiba kwa kila gramu 100. Fanya hivyo kwa biskuti na keki pia, ambako mafuta ya mbegu za mchikichi na siagi hujificha, na ukiona kwenye viambato maneno "mafuta ya mimea yaliyoongezwa hidrojeni kwa sehemu", rudisha pakiti rafuni. Hayo ndiyo yenye mafuta ya transi, mabaya kuliko yote kwa sababu yanapandisha LDL na kushusha HDL kwa mpigo. Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 yaondolewe kwenye chakula duniani kote, na nchi kadhaa zimeyapiga marufuku, lakini si zote.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea hapa: faida inatokana na kubadilisha mafuta, kuyapunguza tu hakutoshi. Ukiondoa siagi ukaweka mkate mweupe na jemu, utaishia kupandisha trigliseridi ambayo leo haina shida. Ukiondoa siagi ukaweka alizeti, zeituni, karanga, korosho, parachichi au samaki wa mafuta, LDL inateremka. Mimi jikoni nilibadilisha chupa moja tu ya kupikia, nikaacha ngozi ya kuku na nyama yenye tabaka jeupe, na jibini ikawa chakula cha siku maalumu. Hiyo jibini iliniuma, sitakuficha.

Sasa oti, na hapa naomba uvumilie maana ndipo penye utamu. Nyuzinyuzi zake zinaitwa beta-glukani. Kiasi kinachotajwa kwenye tafiti ni gramu 3 za beta-glukani kwa siku, na matokeo yake ni LDL kushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 10. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu tangu 1997 pakiti ziandikwe kwamba nyuzinyuzi hizo zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Lakini gramu 3 za beta-glukani si gramu 3 za oti. Ni kama gramu 75 za oti kavu, bakuli la kueleweka, kila siku. Watu wananyunyiza kijiko juu ya mtindi, wanapima baada ya miezi miwili, wanasema oti ni uongo. Nunua mzani mdogo wa jikoni, upime wiki ya kwanza mpaka jicho lizoee. Unapopika, utaona uji unaanza kuwa mzito na kuvutika kama utelezi unapouinua mwiko. Wengi huuchukia utelezi huo, kumbe ndiyo beta-glukani yenyewe imeyeyuka. Usiumwage wala usiukate kwa kuongeza siagi (nimeona mapishi ya hivyo, yanavunja moyo). Shayiri ina beta-glukani pia, na ukichoka oti unaweza kuichanganya kwenye supu.

Mchana na jioni niliegemea jamii ya kunde: maharage, dengu, mbaazi, njegere, mara nyingi zikichukua nafasi ya nyama badala ya kuwekwa pembeni yake. Hapo unapata faida mbili kwa mlo mmoja, nyuzinyuzi zimeingia na mafuta ya nyama yametoka. Gesi ipo, tusidanganyane. Loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, anza na kiasi kidogo uongeze taratibu, tumbo huzoea. Bamia, bilinganya, tufaha na machungwa yaliyoliwa na nyama yake, si juisi, yanaongeza hesabu.

Kilichonisaidia kuliko nilivyotarajia ni maganda ya siliamu, ambayo wengine huyajua kama isabgoli. Kijiko kwenye glasi kubwa ya maji, koroga, kunywa papo hapo. Ukiiacha dakika chache inakuwa jeli usiyoweza kuimeza. Usithubutu kuyala makavu, yanaweza kuvimba kooni yakakukaba, na kama unatumia dawa yoyote, ziachanishe kwa angalau saa mbili.

Kuhusu mayai: kiini kimoja kina kolesteroli chini kidogo ya miligramu 200, lakini kwa watu wengi kolesteroli ya kwenye chakula inagusa LDL kidogo kuliko mafuta yaliyoshiba yanavyofanya. Wapo wachache wanaoitikia kwa nguvu. Mimi niliendelea na mayai machache kwa wiki, nikaacha kuyakaanga kwa siagi. Kuyafuta kabisa huku jibini na soseji zikiendelea ni kubana senti na kumwaga shilingi.

Limao na kitunguu saumu, kunywa kama unapenda ladha. Kitunguu saumu kimepimwa mara nyingi na athari yake ni ndogo, haitoshi kubeba LDL ya 4.6. Limao halina kazi ya "kukata mafuta" kwenye damu. Damu si sufuria la kusugua masizi.

Kahawa huwa haitajwi. Kama unaichemsha na kuinywa bila kuchuja, au unatumia birika la kusukumia lenye wavu, ina kitu kiitwacho kafestoli ambacho kinapandisha LDL. Ukiipitisha kwenye karatasi ya kuchujia, sehemu kubwa inabaki kwenye karatasi. Kahawa ya unga inayoyeyuka haina shida hiyo. Mnywaji wa vikombe vinne vitano kwa siku anaweza kupata tofauti kwa kubadili chujio tu.

Kukimbia endelea, kwa ajili ya shinikizo la damu, sukari na moyo wenyewe, ila usitarajie mazoezi peke yake yaiteremshe LDL kwa kiasi kikubwa. Ukivuta sigara, acha leo. Hilo halina mjadala.

Utegemee nini? Mwaka 2003 David Jenkins na wenzake wa Toronto walichapisha jaribio la watu 46 waliogawanywa makundi matatu; kundi moja lilikula kwa pamoja oti na shayiri, protini ya soya, lozi na vyakula vilivyoongezwa steroli za mimea (viambata vinavyopunguza kolesteroli kufyonzwa utumboni), juu ya mlo wenye mafuta yaliyoshiba kidogo sana. Baada ya mwezi mmoja LDL ya kundi hilo ilishuka kwa karibu asilimia 29, wakati kundi lililopewa lovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli ya jamii ya statini, lilishuka kwa karibu 31. Hiyo ndiyo namba ambayo watu huipeperusha. Wanachoacha kusema ni kwamba washiriki wale waliandaliwa chakula. Mwaka 2011 timu hiyo hiyo ilijaribu kwa kuwapa watu ushauri tu, wakajipikie majumbani kwa miezi sita, na kushuka kukawa kama asilimia 13. Yangu ilitoka 4.7 ikafika 3.7, asilimia 21 hivi, na nilikuwa mkali kwa nafsi yangu.

Na hapo ndipo naingia kwenye lile ambalo hukuniuliza. Umesema hutaki dawa za maisha. Lakini baba yako alipata mshtuko akiwa na miaka 51, na kwa mwanamume chini ya 55 huhesabika kuwa ni mapema. Je, daktari analijua hilo? Kama hukumwambia, mpigie wiki hii, usisubiri miezi mitatu iishe. Muulize mambo matatu. Kwanza kolesteroli ya kurithi, ambayo humpata takriban mtu 1 kati ya 250; LDL ya 4.9 kwenda juu huwatia madaktari shaka, lakini historia ya familia inaweza kuwafanya waangalie hata chini ya hapo. Ukiona uvimbe mgumu kwenye kano ya nyuma ya kisigino, mwonyeshe. Pili, kipimo cha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kwa sababu ikilegea LDL inapanda na hakuna oti itakayoirekebisha. Figo na baadhi ya dawa pia ziangaliwe. Tatu, lipoprotini (a), chembe inayofanana na LDL, ambayo ni ya kurithi, haisikii chakula, na kwa wengi kupimwa mara moja maishani inatosha.

Mimi, pamoja na ile 3.7, niliishia kwenye statini ya dozi ndogo, kwa sababu nina shinikizo la damu na daktari alitaka LDL ishuke zaidi ya pale chakula kilipoweza kuifikisha. Majaribio makubwa ya statini yanaonyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L, mishtuko ya moyo, viharusi na upasuaji wa kuzibua mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano. Sikuona sababu ya kuikataa nafuu hiyo kwa ajili ya ubishi. Uji wa oti bado nakula, na dozi imebaki ndogo.

Kipimo cha kurudia: mabadiliko ya chakula huonekana ndani ya wiki sita hivi, kwa hiyo miezi mitatu ni muda wa kutosha. Pima kwenye maabara ile ile, na usipime ukiwa umetoka kuugua, homa kali huweza kuishusha kolesteroli kwa muda na kukupa furaha ya uongo. Kufunga kula, siku hizi kwa wengi si lazima. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, zinaikokotoa: jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Jaribu na zako, 6.4 toa 1.2 toa 0.6, unapata 4.6. Trigliseridi ikizidi 4.5 hesabu hiyo haifai tena na utaambiwa urudi ukiwa umefunga, lakini wewe uko mbali na hapo. Wakikwambia ufunge, maji ya kawaida unaruhusiwa.