Mafuta ya nazi: yapikie, usiyanywe

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama mafuta ya nazi ni chakula au dawa, na kama yanafaa kupikiwa kila siku. Mimi nimezaliwa Kwale, Pwani ya Kenya, nimeolewa Kisumu, huu mwaka wa kumi na mbili. Jibu langu: ni chakula, dawa si dawa, na kila siku hapana.

Swali lenyewe limenigusa. Mwaka jana mama mkwe wangu, ambaye ana presha, aliuziwa chupa ya mafuta ya nazi na mtu aliyemwambia anywe vijiko viwili vikubwa kila asubuhi yamsafishe mishipa. Akawa anayatia kwenye chai. Nilipogundua, chupa ya tatu ilikuwa imefika nusu.

"Mama," nikamwambia, "haya sisi kwetu tunapikia."

"Nyar Kwale," akasema, yaani binti wa Kwale kwa Kijaluo, "si nyinyi mnakula nazi tangu utotoni na wazee wenu wako wazima?"

Sikuwa na la kumjibu, na iliniuma. Nikaanza kusoma na kuuliza.

Kijiko kikubwa kimoja kina gramu 14 hivi za mafuta na kalori kama 120. Katika hizo gramu 14, 11 hadi 12 ni mafuta ya aina inayoganda, aina ile ile iliyo kwenye siagi na samli. Shirika la Afya Duniani linashauri aina hiyo isizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 22 hivi. Sasa pigeni hesabu ya chai ya mama. Vijiko viwili, na kiwango cha siku nzima kimeisha kabla hajaonja maziwa wala samaki.

Muuzaji alimwambia kwamba hayana kolesteroli, na hapo alisema kweli. Lakini kolesteroli nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe, na mafuta yanayoganda huizidisha katika damu ile mbaya inayoziba mishipa, iitwayo LDL. Yanapandisha na ile nzuri pia, ndiyo sifa inayotangazwa sana, ila nzuri ikipanda haiifuti mbaya. Na habari za kupunguza unene? Nyingi zimetokana na majaribio ya mafuta mengine, yaliyotengwa maalumu kutoka kwenye nazi. Haya ya chupani karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, mojawapo ya mafuta yale yanayoganda, ambayo sehemu kubwa mwili huisafirisha kama mafuta mengine tu. Mwenye presha asiache tembe zake kwa ajili ya mafuta haya.

Na wazee wa Kwale? Nimekulia kwenye jiko lao, sijawahi kumwona mtu akinywa mafuta. Nazi inakunwa kwa mbuzi, machicha yanakamuliwa, tui la kwanza linawekwa kando litiwe mwisho, tui jepesi ndilo linaloivisha kunde au muhogo. Nazi moja, mbili, kwa sufuria ya watu wanane. Mafuta yenyewe bibi aliyapika mara chache: tui zito motoni, mwiko hautulii, maji yanaisha, chembe zinakuwa za kahawia, halafu ghafla harufu inajaa uani na mafuta yanajitenga juu, maangavu. Ukihesabu nazi zilizokwenda kwa chupa moja, huwezi kuyamimina ovyo. Mengi yalikuwa ya nywele zetu.

Hapa Kisumu chupa yangu iko rafuni kando ya dirisha. Alfajiri yameganda meupe, kufika saa nne ni maji, kwa sababu yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Jirani yangu alimwaga yake akidhani yameharibika. Hayakuwa yameharibika, na yanakaa muda mrefu bila kuchacha.

Kwa kukaanga mbuta, yaani sangara, siyatumii. Haya yasiyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 175 hivi, na yakishafuka ladha inakuwa chungu. Kuna jambo jingine, hasa kwa nyumba yenye watoto wadogo: mafuta ya kupikia ya viwandani hapa Kenya sheria inataka yaongezwe vitamini A, lakini ya kukamuliwa nyumbani hayana. Ndiyo maana mafuta yangu ya kila siku ni ya alizeti, na ya nazi nayaweka kwa vyakula vinavyoyataka: wali, ndengu (kijiko kidogo wakati wa kuepua), na omena, wale dagaa wa ziwani.

Omena ndiyo imenifanya niyapende upya. Naichambua, naiosha kwa maji moto mara mbili, naichuja mpaka ikauke. Kijiko kikubwa kimoja kwenye karai, moto wa wastani, nageuza polepole mpaka ianze kulia chakachaka ikigusana. Hapo ndipo kitunguu, nyanya, pilipili hoho, na ndimu mwishoni. Utamu wa nazi unapunguza ule uchungu ambao watoto wangu walikuwa wakiukimbia. Chupa ya tatu ya mama tuliimalizia hivyo, kijiko kwa kijiko. Yeye mwenyewe alikula na kuon, yaani ugali, akaniuliza kama kuna nyingine iliyobaki kwenye karai.