Diski "ni haraka" au "ina kasi"?

Fundi mmoja wa kompyuta wa Kisauni, ambaye pia huhariri video za harusi, ameniandikia hivi:

"Assalaam alaikum maalim. Nimebandika tangazo mlangoni mwa duka langu: 'Diski ya RAM ni haraka mara elfu kuliko SSD. Tunakuwekea hapa hapa.' Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alisimama akalisoma, akaniambia hicho si Kiswahili, kwa sababu diski haiwezi kuwa 'haraka'. Mimi nasikia watu wakisema hivyo kila siku. Nani amesema kweli? Na kama nimekosea, niandikeje?"

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Jirani yako amesema kweli, ila kosa aliloliona ndilo dogo. Kubwa limo katika "mara elfu", na tutalifikia. Kwa asiyejua: RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta, SSD ni hifadhi ya kudumu isiyo na sahani ya kuzunguka, na diski ya RAM ni sehemu ya RAM inayofanywa itumike kama diski.

Haraka ni nomino: "nina haraka", "haraka ya nini?", "haraka haraka haina baraka". Hutumika pia kama kielezi, ndipo tukapata "njoo haraka" na "wamemaliza haraka". Kazi ya kivumishi haina. Kwa hiyo ukiandika "diski ni haraka" umesema diski ndiyo haraka yenyewe, na ukikimbilia "diski ina haraka" umeifanya kama mtu anayewahi swala. Unahitaji kiunganishi cha -a au -enye katikati: diski ya haraka, diski yenye kasi. Au tumia kitenzi, ambacho mara nyingi ndicho kitamu zaidi katika lugha yetu: diski hii inasoma upesi, inaandika upesi. Sikatai kwamba "ni haraka" inasikika Mombasa nzima, dukani na redioni. Inasikika kwa sababu tunafikiri kwa Kiingereza, ambacho kina kivumishi cha jambo hilo, kisha tunabandika neno letu palepale kilipokuwa. Katika mazungumzo ya barazani nisingemsimamisha mtu. Tangazo la mlangoni ni maandishi, nalo linastahili uangalifu.

Sasa uchague lipi kati ya haraka, upesi, hima, kasi na wepesi? Wengi huyachukulia kuwa neno moja lenye mavazi mbalimbali. Sivyo. Yapange mbele ya nomino mbili tu, mkondo na jibu, uone yatakavyogawanyika. Mkondo wa maji una kasi; hakuna mvuvi atakayekwambia mkondo una upesi. Jibu huja upesi, au haraka, au hima kama tusemavyo huku kwetu. "Jibu la kasi" linakwaruza sikio. Kasi imebeba nguvu ya kitu kinachokwenda, wingi unaopita kwa muda. Upesi na hima huhusu kutokawia, yaani umbali kati ya kuitwa na kuitika. Na wepesi husimama upande huo wa pili: mtu mwepesi wa kujibu, mwepesi wa hasira. Angalia tu usiandike "SSD ni nyepesi" ukaachia hapo, maana msomaji atafikiri uzito, na kwa uzito pia ni kweli, SSD ni nyepesi kuliko diski ya kuzunguka. Andika "nyepesi kujibu".

Mgawanyo huu unakuhusu sana wewe fundi, kwa sababu diski nazo hupimwa kwa njia hizohizo mbili. Fikiria feri ya Likoni. Ikishang'oa huvusha kwa mkupuo mmoja umati ambao mitumbwi mingi isingeuweza, lakini aliyefika lango likifungwa hana budi kungoja. Idadi ya waliovuka kwa saa ni jambo moja. Muda aliosimama yule mmoja ni jingine. Diski inaweza kuwa na kasi kubwa ya kumwaga data na bado ikakawia kuitika.

Tuanze na kasi. SSD inayopita njia ya SATA husoma megabaiti 550 hivi kwa sekunde, kwa kuwa njia yenyewe haipitishi zaidi ya 600. SSD ya NVMe, aina mpya zaidi, kwenye njia pana iitwayo PCIe ya kizazi cha nne hufika megabaiti 7,000. Hapo hapo uone kwamba neno "SSD" katika tangazo lako halitoshi: ni jina la ukoo, na ndani ya ukoo huo ndugu mmoja anampita mwenzake zaidi ya mara kumi. RAM ya aina ya DDR4-3200, zikiwa vipande viwili vinavyofanya kazi sambamba, ina kikomo cha gigabaiti 51.2, yaani megabaiti 51,200, kwa sekunde. Kwa makadirio hiyo ni mara saba ya NVMe niliyoitaja. Mara saba, ndugu yangu, si mara elfu, na huo ni mpaka wa kwenye karatasi. Diski ya RAM ikipitia mfumo wa faili na kunakili data huku na huku hubaki chini ya hapo.

Basi elfu yako umeitoa wapi? Nadhani umeitoa upande wa kuitika, na huko si uongo. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). SSD nzuri hujibu kwa makumi ya mikrosekunde, pengine hata 100, na mikrosekunde moja ni nanosekunde 1,000. Diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake lazima kisogee na sahani izunguke hadi mahali pake, huchukua milisekunde 10 hivi, yaani mikrosekunde 10,000. Kwa hiyo RAM yenyewe yaweza kuipita SSD mara elfu kwa wepesi wa kujibu. Ila hata hapo programu haiongei na RAM moja kwa moja inapotumia diski ya RAM. Mfumo wa uendeshaji unasimama katikati na kuongeza mikrosekunde zake, na elfu ile inapungua sana.

Mteja anayesoma "haraka mara elfu" ataelewa kwamba video iliyokuwa ikinakiliwa kwa dakika kumi itanakiliwa kwa kupepesa jicho. Kunakili video ni kazi ya kasi, wala si ya wepesi wa kujibu. Wepesi huonekana kwenye vifaili vidogo vidogo maelfu, vinavyoitwa kimoja baada ya kingine. Hapo neno likikosewa mteja analipia kitu ambacho hatakipata, ndiyo maana nimekaa na jambo hili kwa urefu. Na kwa kuwa wewe mwenyewe ni mtu wa harusi, unajua picha za usiku mmoja zinaweza kujaza gigabaiti 60, hali kompyuta nyingi zina RAM ya 8 au 16. Hazitaingia. Zile chache zitakazoingia, mfumo wa uendeshaji huwa umeshaziweka kwenye RAM iliyo wazi tangu zilipofunguliwa mara ya kwanza, kwa hiyo mara ya pili SSD yako hata haiulizwi.

Kuhusu kulinganisha, kuna mambo mawili. La kwanza, linganisha kitu na mwenzake. "Kasi ya RAM ni kubwa kuliko SSD" imelinganisha kasi na diski. Iliyokosekana ni "ya" moja tu: kubwa kuliko ya SSD. La pili, "mara saba zaidi ya" huwagawa wasomaji, wengine wakihesabu saba, wengine wakiongeza saba juu ya moja wakapata nane. Ukisema "ni mara saba ya" hakuna wa kubishana. Na ukigeuza upande, usiseme "pungufu mara saba", kwani kitu kikipungua mara moja nzima kimekwisha. Sema "sehemu moja ya saba". Jihadhari pia na "hujibu mara moja" katika sentensi yenye hesabu, kwa kuwa ni "papo hapo" na ni "safari moja" vilevile.

Jina la bidhaa halinisumbui. Wapo wanaopendelea "diski pepe", yaani diski isiyo kifaa halisi, na si baya, ila kuna diski pepe zinazokaa kwenye SSD pia. "Diski ya RAM" inaeleweka, na teknolojia yenyewe imekuwapo kwenye kompyuta ndogo tangu miaka ya 1980. Ukitaka kumsaidia mteja zaidi, "diski ya kwenye RAM" inamwambia data zake zinakaa wapi. Na vipimo uviandike kwa ukamilifu: baiti ni biti nane, kwa hiyo anayeandika "giga 6 kwa sekunde" bila kutaja ni biti au baiti amefanya kosa la karibu mara nane.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Tunaweka diski ya kwenye RAM. Husoma kwa kasi iliyo mara kadhaa ya kasi ya SSD ya NVMe, na huitika upesi zaidi kwa kazi za vifaili vidogo. Stima ikikatika au kompyuta ikizimwa, vyote vilivyomo hupotea, basi hifadhi nakala."

Nimeandika "hupotea" kwa makusudi. "Hufutika" nayo ingefaa. "Hufutwa" ingemfanya mteja aulize nani kafuta, na jibu ni kwamba hakuna aliyefuta: RAM haishiki kitu bila umeme. Na "mara kadhaa" uiache hivyo hivyo mpaka upime kwenye mashine yako mwenyewe, kisha uweke namba uliyoiona.