Shamba la Mgeta siliuzi

Marahaba mwanangu,

Umeniuliza: "Mama, dunia nzima inahamia mjini, tunang'ang'ania nini Mgeta? Tuuze shamba la babu, tununue kiwanja Chanika." Nimekusoma alfajiri hapa sokoni Ilala, nimekalia tenga, lori la kabichi ndiyo kwanza linatolewa turubai.

Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilikimbia. Kushuka ule mlima wa kwetu Mgeta, kule Uluguru, na karoti kichwani hadi utosi unaota sugu, asikudanganye mtu, hakuna raha. Lakini wewe ni mhasibu, hebu piga hesabu. Sensa ya 2022 ilikuta Dar watu 5,383,728. Ukitoa wale wa mchicha bondeni Msimbazi, nani kati yetu analima anachokula? Vitunguu vinatoka Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula, viazi Njombe, mchele Mbarali. Malori yakikwama njiani siku mbili tu, wa kwanza kunipigia simu kulalamikia bei ya nyanya ni wewe.

Na maji je? Mwaka huohuo wa 2022 ulikuwa unaogea kopo moja, umesahau? Mto Ruvu, unaotuletea maji ya bomba Dar, ulipungua. Ruvu unatoka milima ya Uluguru, na mto wetu wa Mgeta unaingia humo humo. Nikimuuzia mtu akafyeka hadi kwenye chanzo, bomba litakalokauka ni la kwako huko Chanika.

Kinachoniuma ni kingine, na sijawahi kukwambia. Unaijua lumbesa? Gunia linajazwa, kisha linaongezewa kilemba cha kamba juu, karibu gunia jingine. Mkulima analipwa gunia moja. Nimenunua hivyo miaka yote, ada yako ya chuo imetoka kwenye kile kilemba. Halafu tunashangaa vijana wa Mgeta wanateremka kuja kuendesha bodaboda! Udongo hawauchukii. Wamechoka kupunjwa, tena na watu wa kwao kama mimi.

Kwa hiyo shamba siliuzi, ila kukaa bure halitakaa. Mjomba wako anavuna njegere Jumamosi. Tupande treni ya asubuhi hadi Morogoro, tutafute gari la kupanda mlima. Pitia Kariakoo ununue mizani ya kuning'iniza. Safari hii nanunua kwa kilo, tuone kama nitakufa njaa.

Mama yako